Mbegu za Wajukuu Hupandwa Tumboni
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya afya)



Nianze na swali. Mama mwenye mimba ya binti amebeba watu wangapi? Mtaniambia wawili, yeye na mtoto. Lakini ndani ya huyo mtoto tayari kuna mwanzo wa wajukuu. Si mchezo wa maneno. Ndivyo tulivyoumbwa.

Msichana haanzi kutengeneza mayai akivunja ungo. Anazaliwa nayo. Mimba ikifika miezi mitano hivi, binti aliye tumboni ana mayai machanga kama milioni 6 au 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 au 400,000, na katika maisha yake yote yatakayokomaa ni 400 au 500 tu. Ni kama ghala lililojazwa mara moja. Mvulana naye hupata seli zake za uzazi akiwa tumboni, lakini hutulia mpaka abalehe, ndipo zianze kutoa mbegu.

Sasa, hizo seli hutoka wapi? Wiki ya tatu hivi baada ya mimba kutungwa, seli chache hutengwa kwa kazi hiyo. Wakati huo mama ndio kwanza anajiuliza mbona siku zake zimechelewa. Hazijitengi zenyewe. Seli jirani huzitumia ujumbe kwa protini ambazo wataalamu huziita vichocheo vya ukuaji. Kimoja kinaitwa BMP4. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kijusi cha panya kisicho na BMP4 hakipati seli ya uzazi hata moja.

Halafu kuna safari. Seli hizi huanzia mbali na mahali pa kukaa, kama miche ambayo kitalu chake kiko mtoni na shamba liko mlimani. Hupita kando ya utumbo mpaka zifike pale ovari au korodani zitakapokuwa. Njiani hulishwa na kichocheo kingine, kinachoitwa ligandi ya KIT. Seli ikipotea njia, inakikosa na kufa. Hiyo ni kinga, maana ikiendelea kuishi mahali pasipo pake inaweza kugeuka uvimbe.

Panya waliozaliwa na kasoro katika kichocheo hiki huwa na manyoya meupe au mabaka, upungufu wa damu, na wengi ni tasa. Mnaona? Ujumbe uleule mmoja hutunza mbegu, rangi na damu.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa jembe na mifugo? Yanatuhusu kwa mambo mawili.

La kwanza ni lawama. Tunawajua akina mama wanaofukuzwa kwa sababu hawajapata mtoto. Ndugu zangu, idadi ya mayai ya mwanamke ilipangwa kabla hajazaliwa. Hakuulizwa. Tena si kila ugumba unatokana na mayai. Mara nyingi mirija imezibwa na maambukizi, na mara nyingi shida iko kwa mume au kwa wote wawili. Kwa hiyo waende hospitali wote wawili wakapimwe. Kumrudisha binti kwao si matibabu!

La pili ni wakati. Sisi huanza kumtunza mama tumbo likionekana. Lakini kazi kubwa imeanza zamani. Watafiti wa Denmark, mwaka 2010, walihesabu seli za uzazi katika vijusi vichanga, wakakuta ni chache zaidi pale mama alipokuwa akivuta sigara. Basi, anayetarajia kupata mtoto aache sigara na pombe mapema, wala asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Baba naye asivutie sigara nyumbani.

Aende kliniki mapema. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kuisha. Huko atapimwa damu na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani apate mboga, maharagwe, mayai na maziwa, asibakiziwe makombo.

Na kikundi je? Naomba mkirudi nyumbani mjadili jambo moja tu. Mnaweza kutenga shilingi kidogo kwenye sanduku lenu, ziwe nauli ya kliniki kwa mama yeyote ambaye siku zake zimechelewa? Asisubiri kuomba. Na akina baba, kubeba mtungi wa maji wiki hizo hakutampunguzia mtu uanaume.

Tunapomtunza mama huyu mmoja, tunatunza vizazi viwili kwa pamoja. Mungu awabariki na kazi ya mikono yenu.