Wino, Chai na Chuma
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Wanging'ombe)



Sisi makarani si mafundi wa elimu ya kemia, ila tumeonelea kuwa jambo hili latuhusu, kwa kuwa waliotutangulia kazini walipata riziki yao kwa wino. Wino ule mweusi wa daftari ulikuwa nini? Ulikuwa tanini, yaani ule ukakasi wa maganda ya miti, iliyochanganywa na chumvi ya chuma. Maandishi huanza yamepauka. Yakipata hewa huwa meusi, wala maji hayayafuti.

Tanini twaijua sana Njombe, maana miwati ilipandwa huku kwa ajili ya maganda yake, yatumikayo kutengenezea ngozi. Panga likiachwa na maji ya ganda, kesho huonekana doa jeusi. Ni kazi ile ile ya wino.

Mwaka 1920 wataalamu Morgan na Drew waliliita tendo hili kwa neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa. Kwa maana molekuli moja huibana chembe ya madini pande mbili au zaidi, isiponyoke. Damu yetu hushika chuma katika gando la namna hiyo. Wapimaji nao huitumia hila hiyo: fenantrolini ikikamata chuma majini hutoa rangi ya machungwa, na kwa ukolezi wake hujulikana hata sehemu moja katika milioni.

Basi, chai. Majani yake, ambayo hulimwa hapa hapa Njombe, yana tanini ya namna yake. Chai inywewayo pamoja na ugali na maharage hukamata chuma cha chakula tumboni, na kile kiingiacho damuni chaweza kupungua kupita nusu. Chuma cha nyama hakidhuriki sana.

Twakiri kosa letu. Nyumbani mwetu vidonge vya kuongeza damu vilimezwa kwa chai ya asubuhi mimba nzima, na sisi ndio tuliomimina chai hiyo, tukidhani twamhudumia mama. Damu haikupanda, nasi tukavilaumu vidonge.

Sasa ni mimba ya pili. Vidonge humezwa kwa maji yaliyokamuliwa ndimu, kwa kuwa ndimu husaidia chuma kupita. Na birika haliwekwi motoni mpaka saa nzima na zaidi imekwisha pita.