Baipasi ya moyo: mshipa wa kifuani au wa mguuni?



Mtu amepelekwa hospitali ya rufaa kufanyiwa upasuaji wa moyo. Jamaa wakiruhusiwa kumwona wanakuta mguu umefungwa bandeji hadi pajani. Moyo uko kifuani, mguu umepasuliwa wa nini? Swali hilo ni la haki, na lingefaa kuulizwa kabla ya fomu ya idhini kutiwa sahihi.

Kila Mkenya anaijua baipasi: barabara inayokwepa msongamano. Mishipa inayolisha moyo ikiziba, daktari naye hujenga baipasi, na mshipa wa kujengea huutoa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo penye uchaguzi: ateri au vena.

Vena hutolewa mguuni. Ni ndefu, hupatikana upesi, na damu ya mguuni hupita katika vena nyingine. Daktari René Favaloro wa Argentina alianza kuitumia kwa baipasi mwaka 1967 akiwa Cleveland, Marekani. Shida ni kwamba vena imezoea damu ya mwendo wa polepole. Ikiwekwa penye msukumo wa moyo, kuta zake hunenepa, na baada ya miaka 10 karibu nusu huwa zimeziba. Ateri ya ndani ya kifua imeuzoea msukumo huo tangu mwanzo. Baada ya miaka hiyo 10, takriban 9 kati ya 10 bado hupitisha damu. Ndiyo maana mshipa mkuu wa mbele ya moyo huunganishwa na ateri ya kifua karibu kila mara.

Ubishi uko kwenye mishipa inayobaki. Kutumia ateri zote mbili za kifua huenda kukamfaa mwenye umri mdogo, ila kwa mwenye kisukari au mnene sana, mfupa wa kifua hupungukiwa damu na kidonda kinaweza kukawia kupona. Ateri ya mkono ni nzuri pia, mradi ipimwe kwanza kama kiganja kitapata damu kwa mshipa wa pili. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, maana mkono huo huenda ukahitajika kwa dialisisi. Na anayefikishwa akiwa mahututi huenda asipate muda wa haya yote. Vena ya mguuni itamwokoa, wala si ya kudharauliwa.

Kwa hivyo muulizeni daktari atatumia mshipa upi, na kwa nini huo. Vena hudumu zaidi kwa asiyeruka aspirini na dawa ya kolesteroli alizoandikiwa, na aliyeacha sigara.

Mguu uliotolewa vena huvimba kwa wiki kadhaa, basi mgonjwa auinue akiketi. Ukitoa usaha, au mfupa wa kifua ukilia anapokohoa, arudi hospitalini siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.