Maisha ya Mwandika Vibao

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu mmoja, fundi wa kuandika vibao huko Mpanda, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Waliotangulia kusema ni daktari, hakimu na mhasibu. Mimi ni fundi wa kuandika vibao. Mshahara sina, na ofisi yangu ni baiskeli, ngazi, na sanduku la brashi na makopo ya rangi. Hata hivyo kazi hii imenilisha, imewasomesha watoto wangu wanne, na imenitembeza nchi ambayo wengi wenu mmeiona katika ramani tu.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1981. Hapa shuleni sikusifika kwa hesabu wala kwa mpira, ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kila juma nilipewa kazi ya kuandika zamu za mabweni ubaoni. Mwaka uliofuata nilipanda treni ya Kaliua kwenda Mpanda kwa mjomba wangu. Reli ile ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Mimi nilikwenda kutafuta kibarua. Mwenye duka mmoja aliniona nikiandika barua kwa niaba ya mjomba, akaniuliza kama naweza kuandika hivyo hivyo ukutani kwake. Nikasema naweza. Nilikuwa naongopa, lakini nilijifunza kabla ya jua kuchwa.

Vijana hudhani kazi hii ni mkono tu. Kwanza ni kuhesabu. Unahesabu herufi, unapima ubao, unapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, ndipo unashika brashi. Kisha ni macho. Herufi O ukiilinganisha kamili na mistari itaonekana fupi kuliko H iliyo jirani yake, kwa hiyo lazima izidi kidogo juu na chini. Rula itasema umekosea, lakini macho ya msomaji yatasema umepatia.

Nitatoa mfano. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi, sisi tuliokuwa Mkoa wa Rukwa tukawa na mkoa wetu, na vibao vingi vikahitaji jina jipya. Kazi ilikuwa nyingi kama mvua. Lakini RUKWA ina herufi tano na KATAVI ina sita. Fundi mwenzangu alitaka kufuta mstari mzima na kuanza upya. Nikamwonyesha kwamba W ni pana na I ni nyembamba, tena A, T na V hukaa zimeegemeana kama watu katika benchi la treni, kila mmoja akiingiza bega penye nafasi ya mwenzake. Herufi sita zikaenea pale pale zilipokuwa tano.

Katika kazi hii nimefika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, walikojenga Wabelgiji kituo mwaka 1879 na wamisionari wakafika mwaka 1885. Huko niliandika majina ya mitumbwi, nikalipwa migebuka mikavu. Nimefika Inyonga, nikalipwa asali. Nimeandika milango ya maduka Katumba na Mishamo, kwa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa huku. Mbuga ya Katavi nimeipita mara nyingi, na katika mto Katuma wakati wa kiangazi nimeona viboko wamebanana katika matope hata huwezi kuwahesabu.

Lakini, ndugu zangu, sikuja hapa kuwasimulia safari tu. Liko jambo moja ambalo sijapata kulisema mbele ya watu, na nadhani hapa ndipo mahali pake.

Miaka ya tisini niliitwa katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja. Kisima chao kimoja kilikuwa kimeingiwa na uchafu wa choo. Kilikuwa kinafaa kwa kufyatulia matofali, basi. Wakaniomba niandike kibao: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Nikaandika herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe. Halafu, kwa kujiona fundi, nikaliandika neno SI kwa rangi nyekundu, ili lionekane kabla ya mengine. Watu wakanisifu. Kopo langu la rangi nyekundu lilikuwa linakaribia kwisha, nikaiongeza tapentaini ili inifikishe mwisho.

Nyekundu nyingi hupauka upesi kuliko nyeusi. Nilikuwa nimeambiwa, na nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu katika vibao vya maduka. Jua la viangazi viwili likailamba ile SI hata ikafanana na ubao wenyewe. Waliobaki pale ni MAJI HAYA, kisha nafasi, kisha YA KUNYWA.

Wenyeji walikijua kisima kile, hawakuhitaji kibao. Lakini alihamia bibi mmoja na wajukuu zake. Bibi huyu alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, miaka ile ya sabini tuliyoikuta sote, na alijivunia kusoma kwake. Alisimama mbele ya kibao changu, akakisoma kwa sauti, akateka maji. Wajukuu watatu waliharisha, na mdogo wao alilazwa hospitali siku tisa. Mwenyezi Mungu akamjalia akapona.

Nilipopata habari nilikwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, mimi nilisoma kilichoandikwa." Sikupata jibu siku ile, na mpaka leo sina.

Tangu hapo nimekifikiria sana Kiswahili chetu. Lugha yetu hukataza kwa vitu vidogo. SI ni herufi mbili. "Yanafaa" na "hayafai" zimetenganishwa na silabi mbili za mwanzo na herufi moja ya mwisho. Kwa mzungumzaji si kitu, kwani sauti yake ipo na mkono wake upo. Kibao hakina mkono. Kibao kinasimama peke yake juani na mvuani, na anayekisoma ni mgeni, kwa sababu mwenyeji hana haja nacho.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria tatu. Kwanza, neno la kukataza liandikwe kwa rangi ile ile ya maneno mengine, iliyo nzito na isiyoongezwa kitu. Pili, penye hatari nitumie neno ambalo likipotewa na herufi bado litatisha. Sasa naandika HATARI: MAJI HAYA YANADHURU, na chini yake nachora kikombe kilichopigwa mkato. Tatu, kila nipitapo karibu na kibao changu, nishuke baiskeli nikiangalie, hata kama hakuna wa kunilipa.

Siku hizi mabango mengi huchapwa kwa mashine, na wateja wangu wamepungua. Simlaumu mtu. Mashine huandika upesi na kwa bei nafuu. Lakini wino wake nao hupauka, na mashine haishuki baiskeli kurudi kutazama.

Ninyi vijana, wengi wenu hamtashika brashi. Mtaandika vyeti vya dawa, hukumu, mikataba na hesabu. Kila mmoja wenu atakuwa na SI yake mahali fulani, jambo dogo ambalo mtu asiyemjua atalitegemea. Nawaomba mlichunge.

Nimeona kibao cha zahanati ya shule kimepauka. Kesho asubuhi, kabla ya basi langu kuondoka, nitakiandika upya. Nahitaji vijana wawili wa kunishikia uzi.