Miti Jirani na Kiu ya Kiangazi

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Oloipiri)



Tumeombwa kusema machache juu ya msitu, nasi twaanza kwa kuungama kosa. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, tulitumwa kuandika orodha ya miti iliyokufa kandokando ya msitu, ipate kukatwa kuni. Tuliiandika kwa uangalifu wote wa makarani: mti usio na jani tuliuhesabu mfu, na wenye majani tuliuhesabu mzima. Orodha ilikuwa safi, haina futo wala doa. Mvua za vuli zilipokuja, wengi wa wafu wetu walichipua, na mti mmoja tulioandika kuwa mzima ukaonekana umekauka mpaka shinani. Bahati njema, shoka lilichelewa kuliko kalamu.

Basi na tuitazame mvua kwanza. Msitu wa nyanda za juu unaoelekea Karatu, upande wa mashariki, hupata yapata milimita 1,000 hata 1,200 kwa mwaka. Kule magharibi, nchi inakoteremka kuelekea Olduvai, hupata 400 hata 600 tu. Lakini hata huku kwenye neema mvua haiji sawasawa. Vuli ni Novemba na Desemba, masika ni Machi mpaka Mei, na tangu Juni hata Oktoba mti hukaa kwa akiba ya udongo. Ukungu husaidia. Katika ukingo wa kreta, penye mita 2,300 hivi, matone yake hunaswa na zile ndevu za kijivu zining'iniazo matawini, yakadondoka chini. Ni msaada, lakini si mvua.

Sasa, maji hupandaje mtini? Mwaka 1894, huko Dublin, Dixon na Joly walieleza kwamba hayasukumwi kutoka chini. Yavutwa kutoka juu. Jani lina vitundu vidogo mno. Vikiwa wazi, hewa ya kaboni huingia, nayo ndiyo mti hutengenezea chakula; lakini kwa mlango uo huo maji hutoka, na yatokapo huvuta mengine nyuma yake, kama uzi mmoja tangu jani hata mzizi. Udongo ukikauka uzi huo hukazwa sana. Ukikazwa kupita kiasi hukatika, hewa ikaingia, na mfereji ule hauna kazi tena. Kwa hiyo mti katika kiangazi una mambo mawili ya kuogopa: ukifunga vitundu waona njaa, ukiviacha wazi wahatarisha mishipa yake.

Hapo ndipo majirani wanapoachana. Mpodo hufunga mapema, ukaridhika na chakula kidogo. Mzeituni wa mwituni, ambao Wamasai huuita oloirien, una jani gumu, upande wa chini limefunikwa magamba madogo madogo, nalo laweza kupungukiwa maji sana bila kufa. Mtarakwa una mifereji myembamba mno, na jamaa yote ya mitarakwa yasifiwa kwa kustahimili mvuto ambao ungekata nyuzi za miti mingi mingine. Ndiyo sababu waweza kuuona umesimama kijani penye miamba mikavu.

Mkrotoni ule wenye majani mapana mfano wa moyo umeshika njia nyingine kabisa. Wakati wa mvua hunywa kwa wingi na kukua upesi. Kiu ikija, majani yake hugeuka rangi ya chungwa, kisha huyatupa, ukalala. Sisi tulidhani umekufa, kumbe umefunga duka tu! Na ule mti wa kijani uliotudanganya ulikuwa mtarakwa. Jambo hilo kila mmoja wetu angeweza kulijua nyumbani kwake, maana tawi la mtarakwa likatwapo kupamba nyumba siku ya Krismasi, hukaa kijani majuma kadhaa, na hali halina mzizi wala tone.

Labda mwanachama atauliza yatuhusu nini sisi watu wa meza. Yatuhusu kwa kuwa maji ya msitu huu ndiyo yanywayo Karatu, na kule bondeni Mang'ola vitunguu humwagiliwa kwa chemchemi zitokanazo na maji ya milima hii. Mahali penye miti ya aina nyingi, wakati mmoja inapokunywa mwingine umelala, na kiangazi kikali kisichovumiliwa na huyu chavumiliwa na yule. Orodha kama yetu, ikifuatwa miaka kumi, ingeondoa mikrotoni yote na kuacha mitarakwa iliyokwisha kufa. Wala hakuna ambaye angetushitaki, maana karatasi zilikuwa sahihi.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo haya. Orodha ya miti mifu isiandikwe kati ya Juni na Oktoba. Ingoje mpaka vuli ziwe zimenyesha majuma machache. Karani asitazame majani peke yake, bali akwaruze gome kwa ncha ya kisu: chini yake pakiwa kijani na unyevu, mti u hai, pakiwa kahawia na pakavu, ajaribu mahali pa pili na pa tatu kabla ya kuandika. Na katika orodha iwemo safu ya tarehe, ambayo katika ile yetu hatukuiweka.