Siku Zilizopita Si Deni



Mvua za Nyanda za Juu Kusini zikianza mwezi wa Novemba, kuanzia Mbeya hadi Iringa kila mwenye shamba hushika jembe. Hapo ndipo wakimbiaji wetu wengi hukwama. Mtu amebandika ukutani ratiba ya majuma 12. Juma la nne mahindi yanadai palizi, la tano kuna msiba, la sita mtoto anaumwa. Akiitazama ratiba, anayahesabu mazoezi aliyoyakosa kama deni la dukani.

Mimi niliwahi kulilipa deni hilo. Nilikwenda msibani Iringa, nikakosa siku 9. Tulipomaliza matanga nikaamka alfajiri, nikaupanda mlima kutoka Ipogolo hadi mjini mara mbili, ili nifidie. Kesho yake muundi uliuma hata kutembea ni taabu. Siku 9 zikazaa majuma 6 ya kukaa.

Tumekua tukisimuliwa habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, lakini akafika mwisho. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alifika kwa saa 3 na dakika 25. Ni fahari yetu. Lakini ile ilikuwa siku ya mashindano, mbele ya dunia. Asubuhi ya mazoezi barabara ya Uyole haidai goti la mtu.

Pumzi ya aliyezoea kukimbia haipotei sana kwa juma moja. Kano na mifupa ndiyo hukomaa polepole, na ndiyo huumia mtu akifidia kwa pupa. Kwa hiyo, ukikosa siku mbili tatu, endelea ratiba ilipofika. Ukikosa juma, anza na nusu ya umbali. Ukikosa mwezi, badili lengo: badala ya kilomita 42, kimbia 21. Aliyeugua malaria amalize dozi, nguvu zirudi kwanza. Na kutwa ya kulima ni mazoezi pia. Iandike kwenye ratiba, jioni upumzike.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ratiba uliiandika mwenyewe; chukua kalamu uirekebishe.