ULIMI WA MFANYAKAZI

(Maneno yaliyosemwa katika mafunzo ya wajumbe wa matawi ya Migori na Homa Bay)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani matamshi ya Kiswahili. Katika mikutano yetu wapo wanachama wanaoijua kazi kutupita sote, lakini hawainui mkono. Wakisema "samba" mahali pa "shamba", watu hucheka. Chama kinachomcheka mwanachama hujinyima akili yake.

Kwanza tujue sababu. Mtoto huzoea sauti za nyumbani kwao, na sikio lake hushika hizo. Kijaluo hakina sh, wala z, wala v. Basi Mjaluo huchukua sauti iliyo jirani: s mahali pa sh na z, f mahali pa v. Kikuria nacho hakitenganishi l na r kama Kiswahili.

Huu si ujinga. Mwingereza ajifunzaye Kiitalia hukwama vivyo hivyo. Kwa Mwitalia, nono ni "wa tisa", na nonno, yenye n ya kukazwa, ni "babu". Mwingereza asiyeikaza humwita babu wa watu "wa tisa". Neno ng'ombe nalo humshinda, maana kwao hakuna neno linaloanza kwa ng'. Mjaluo hutamka ng' tangu utoto: ng'ato, yaani mtu. Tena hutenganisha t mbili: tho ni kifo, to ni lakini. Watu wa Mombasa nao wana t mbili katika Kimvita chao.

Pili, sauti moja yaweza kugeuza habari nzima. Kule Awendo, mtu akisema "tumeshusha miwa", kazi imekwisha. Akisema "tumesusa miwa", huo ni mgomo! Ziwani, kuvua ni kutafuta samaki, na kufua ni kusafisha nguo. Kule Macalder, kulikochimbwa shaba hadi 1966, shaba ni madini, saba ni hesabu. Na sisi wenyewe tunapochagua viongozi, tunapiga kura, hatuendi kula.

Tatu, njia ya kujifunza. Wekeni vidole kooni, mseme sss. Koo limetulia. Sasa tieni sauti mpaka koo litetemeke: hiyo ni z. Fanyeni hivyo kwa fff, mtapata v. Koo la Mjaluo laijua kazi hii tayari, maana ndiyo itenganishayo pi, maji, na bi, njoo. Kwa sh, anzeni na s, mrudishe ulimi nyuma kidogo na kutokeza midomo. Kwa l, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya juu, pumzi ipite kando. Kwa r, iguse na kuondoka upesi.

Kisha fanyeni zoezi wawili wawili. Mmoja aseme "shaba" au "saba", mwenzake amempa mgongo, ataje alilosikia. Sikio likishajua, ulimi hufuata. Dakika kumi kabla ya kila mkutano zatosha.

Mwisho, sheria. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kazi duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Naye mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama kazini, wakati wa maelezo hayo. Basi asiwepo anyamazaye mbele ya meneja kwa kuogopa sh.

Tujifunze kwa bidii, ndugu zangu. Lakini mtu akisimama kudai haki yake ya "samba", tumsikilize kwanza mpaka amalize. Kumsahihisha kutafuata baadaye, kwa heshima.