Mchaichai na Matumizi Yake Nyumbani



Katika nyumba nyingi mchaichai hupandwa karibu na bafu, pale yapitapo maji ya kuogea, kisha husahauliwa mpaka siku majani ya chai yatakapokwisha koponi. Mmea huu wastahili heshima zaidi ya hiyo. Mbegu yake hainunuliwi. Jirani hung'oa kichaka, hukigawa, na kila shina lenye mizizi huwa mche mpya. Mwenye kichaka kikubwa na awagawie wenzake mvua zinapoanza.

Miche hupandwa kwa nafasi ya sentimita 60 hivi. Baada ya miezi minne hadi sita huanza kuvunwa kwa kisu kikali, sentimita 10 juu ya ardhi, nayo huchipua tena. Asiyezoea na ajihadhari, kwani ukingo wa jani hukata vidole. Katika shamba la mteremko, safu ya mchaichai iliyopandwa kukingama na mteremko husaidia kuzuia udongo usichukuliwe na maji.

Jikoni, majani mawili au matatu hufungwa fundo, hutiwa katika maji yanayochemka, sufuria ikafunikwa. Kifuniko hicho ndicho hudharauliwa, na harufu yote ikapaa na mvuke. Fundo nalo huwezesha majani kuopolewa bila kuacha vipande. Kinywaji hiki, tofauti na chai ya dukani, hakina kafeini. Hivyo hakimnyimi mtu usingizi. Kwa kuwa kina harufu yake nzuri, huhitaji sukari kidogo, na katika bajeti ya nyumba sukari ndiyo ilayo fedha kuliko majani. Fundo hilohilo hufaa katika wali wa nazi. Sehemu nyeupe ya chini ya shina, ikipondwa, hupunguza shombo katika mchuzi wa samaki, nayo huondolewa kabla ya kupakua.

Majani ya akiba hukaushwa kivulini penye hewa, si juani. Yakitiwa gunia kabla hayajakauka sawasawa huota ukungu, na hapo hayafai kunywewa wala kuuzwa. Yaliyokauka vema huwekwa pia ndani ya sanduku la nguo ili kuzipa harufu.

Liko jambo zito zaidi. Wapo wazazi ambao mtoto akipata homa humfukiza kwa mvuke wa mchaichai, wakangoja kesho na keshokutwa. Mvuke huo hauponyi malaria, na chungu cha maji ya moto chini ya shuka kimekwisha kuunguza watoto. Malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo katika muda wa siku moja au mbili. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo apimwe damu. Kikombe cha mchaichai kitamngoja akirudi.

Vivyo hivyo kuhusu mbu. Harufu inayowachukiza imo katika mafuta yaliyo ndani ya jani. Kichaka kilichosimama mlangoni hakiyatoi kwa kiasi cha kutosha, na hata jani lililopondwa na kupakwa mwilini, nguvu yake haidumu. Chandarua kisiondolewe kitandani kwa kuutegemea mmea. Makatibu wanaombwa walieleze jambo hili katika mikutano ya vyama vya msingi, hasa kabla ya masika, wakati miche inapogawanywa na mbu wanapoanza kuongezeka.